Mama amekataa kuingia kwenye bustani niliyomtengenezea

Mshauri, assalaam aleikum.

Nakuandikia nikiwa barazani, saa kumi na moja jioni. Zamani saa hizi nyumba yetu haikuwa ikipitika kwa watu. Leo nipo mimi, paka, na mlango wa chumba cha mama uliofungwa.

Nina miaka 34, naishi na mama yangu huku Barani, Malindi. Mimi ni wa mwisho kati ya watoto watatu na ndiye niliyebaki nyumbani. Ndoa yangu ilivunjika miaka minne iliyopita, nikarudi na mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa ana miaka sita. Dada yangu mkubwa yuko London na wanawe. Kaka yuko Mombasa.

Mama ni mtu wa Lamu, aliolewa huku. Alipokuja, uwanja huu ulikuwa mchanga mtupu na mwembe mmoja wa ngowe, ambao marehemu baba aliupanda kabla hajaoa. Kila kilichoota baada ya mwembe huo ni cha mkono wa mama: asumini, mrehani, mkilua, mlangilangi kwenye kona ya choo cha zamani, na mawaridi ambayo huchanua yakipenda. Hakuwa akiuza. Kukiwa na harusi mtaani, kina mama walikuja alasiri wakatandika mkeka chini ya mwembe, mama katikati na sinia lake mapajani, wakatunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, mpaka adhana ya magharibi. Malipo yake yalikuwa habari za mji.

Mwezi wa sita mwaka jana akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Baada ya wiki tatu hospitalini akarudi nyumbani. Mguu haumbebi, mkono unainuka mpaka kifuani lakini vidole havishiki kitu. Maneno yamerudi, polepole. Anatumia kiti cha magurudumu. Bustani iko pale chini ya baraza, vidato vitatu tu, sentimita 45 nimepima kwa rula ya mwanangu, lakini kwake ni kama iko ng'ambo ya kisiwa cha Manda. Wiki ile ya kwanza, kabla hata sijajua kumgeuza kitandani, alimwita jirani akampa sinia, uzi na sindano zake zote. Sikulitilia maanani, nilikuwa na mengi.

Mwezi wa kumi na mbili dada akatuma picha. Anasema kule kwao baridi ikiisha, mwezi wa tatu, kila mtu huanza kutayarisha bustani, na siku hizi kuna bustani za watu wenye ulemavu, zenye vitanda vya udongo vilivyoinuliwa na njia pana. Akamwomba mtu amchoree ramani, akaituma pamoja na shilingi 180,000. Yeye na watoto watakuja mwezi wa nne shule zikifungwa, na anataka kuikuta tayari. Ananiambia tumfanyie mama siku ya kuifungua, tualike mtaa mzima.

Nilifurahi, Mshauri, sikufichi. Nikaomba likizo dukani. Fundi akajenga mteremko wa mita 2 kutoka barazani, akamwaga njia ya saruji na kuipiga niru mpaka inang'aa. Ilipofika kwenye mwembe mizizi ikamzuia, kwa hiyo njia imeishia katikati ya uwanja. Vitanda viwili vya mbao vimekamilika. Mrehani wa zamani ulikuwa umezagaa kila mahali, nikaung'oa wote nipate nafasi, nikijiambia nitapanda mpya mvua zikinyesha. Mwanangu aliokota shina moja akalichomeka kwenye kopo la rangi, liko dirishani kwa bibi yake, limeshika.

Jumamosi iliyopita nikamteremsha. Kiti kikanikimbia mkononi, sekunde moja tu, kijana wa fundi akakidaka. Mama hakupiga hata ukelele. Akatazama vile vitanda, akatazama pale palipokuwa na mrehani, akasema, "Nirudishe." Usiku nikamuuliza kulikoni. Akanyamaza sana, kisha akaniambia, "Mwanangu, mmenijengea pahala pa kutazamwa." Tangu siku hiyo hata barazani hatoki.

Kaka anasema pesa zisipotee. Mwembe ukatwe, pale vijengwe vyumba viwili vya kupangisha, na kodi imlipe mtu wa kumtunza mama. Kwamba mama hajali bustani tena, ni mimi ninayeng'ang'ania utoto wangu. Dada hajui lolote, kila jioni anaomba picha. Fundi anadai 22,000 zilizobaki na anasema masika yakianza hawezi tena kumwaga saruji. Leo ni wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu.

Nimalize au niache? Nimwambie dada ukweli? Na je, ni makosa kumlazimisha mtu atoke nje kwa faida yake mwenyewe? Kuna siku namwona mama kama anafanya ukaidi tu, kisha naona haya kwa kuwaza hivyo.

Binti wa mwisho, Malindi

—

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Umeniuliza umalize bustani au uiache. Nilipoisoma barua yako mara ya pili nikaona humo ndani mna bustani nne, na fundi mmoja anayedai pesa za zote. Iko ya dada yako, yenye tarehe na wageni. Iko ya kaka yako, ambayo ni vyumba viwili. Iko yako wewe, ya saa kumi na moja jioni, yenye mkeka na kicheko cha watu wazima uliokuwa ukikisikia ukiwa mtoto. Na iko ya mama, ambayo katika barua yote imepewa sentensi mbili: "Nirudishe," na "mmenijengea pahala pa kutazamwa." Tutazirudia sentensi hizo. Lakini nianze na kile kiti kilichokukimbia, kwa sababu hapo sihitaji kukisia moyo wa mtu, nahitaji hesabu tu.

Kwa kiti cha magurudumu, kila sentimita moja ya kwenda juu hutaka angalau sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Hicho ndicho kipimo kinachotumiwa karibu kila mahali. Baraza lenu ni sentimita 45. Zidisha mara kumi na mbili, unapata mita 5 na sentimita 40. Fundi wako amejenga mita 2. Huo, mwanangu, si mteremko wa kiti, huo ni wa kuteremshia mapipa. Niliwahi kumsukuma shangazi yangu kwenye kitu kama hicho, katika nyumba ya watu walionikaribisha kwa mapenzi mazuri kabisa, na mikono ilinitetemeka mpaka usiku. Na mimi ndiye niliyekuwa nyuma, nimeshika. Fikiria aliye mbele, aliyekaa, mwenye mkono mmoja wa kujishikia, anaona ardhi inamjia.

Kwa hiyo kabla hatujasema mama ameikataa bustani, tuulize kama ameukataa mteremko. Inawezekana sana "nirudishe" ile ilikuwa hofu tupu, na mtu wa heshima zake hawezi kumwambia mwanawe mbele ya vijana wa fundi kwamba ameogopa. Na saruji ya niru, inavyopendeza ikiwa kavu, ngoja Mei ifike, mwezi ambao mvua ya pwani yetu huwa haina mchezo. Italowa, itaota ule ukijani, na hata wewe mwenye miguu miwili utateleza. Kama kazi hiyo itarudiwa, fundi apitishe ufagio mgumu juu ya saruji kabla haijakauka ili magurudumu na viatu vipate pa kushika, na aweke kingo ndogo pembeni gurudumu lisitoke nje. Ikiwa uwanja hauna mita tano na nusu za moja kwa moja, mteremko unaweza kukunjwa mara moja, ila pale kwenye kona paachwe kituo bapa cha kama mita moja na nusu kila upande, kiti kiweze kugeuka. Na mpaka siku hiyo, ikiwa ni lazima umteremshe, mshushe kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini. Zile 22,000 unazodaiwa, sijui mlipatana nini, ila kama mlipatana mteremko wa kiti, basi hilo ni jambo la kuzungumza na fundi kwa utulivu mkiwa na futikamba mkononi.

Hayo ya saruji. Sasa nije kwenye jambo ulilolipita mbio.

Unasema wiki ya kwanza mama aliita jirani akampa sinia, uzi na sindano. Umeandika kwamba hukulitilia maanani, na sikulaumu, mtu anayejifunza kumgeuza mzazi kitandani hana macho ya sinia. Lakini ukaliandika. Katika barua yako yote unahangaika na mguu wa mama: vidato, mteremko, njia, magurudumu. Mama, jambo la kwanza alilolizika ni mkono. Huyo ni mwanamke ambaye nyumba yake ilijaa watu kwa sababu ya vidole vyake. Watu hawakuja kuitazama asumini, maana asumini iko kila ua. Walikuja kwa anayetunga. Alikuwa mwenyeji wao kila alasiri kwa miaka na miaka, na malipo yake, umesema vizuri, yalikuwa habari za mji.

Sasa jitie kwenye ile siku ya kufungua bustani aliyoipanga dada yako. Mtaa mzima umealikwa. Mama anasukumwa kwenye njia inayong'aa mpaka katikati. Kina mama wametandika mkeka chini ya mwembe kama zamani, wamekaa chini, naye yuko juu kwenye kiti, peke yake, magoti yake usawa wa nyuso zao. Hana sinia. Mkono uko mapajani. Kila mtu anamwambia mashallah. Katika uwanja wake mwenyewe amekuwa mgeni, tena mgeni wa heshima. Ninaposoma "pahala pa kutazamwa," nasikia hilo. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini ikiwa nimesikia sawa, basi hakuikataa bustani na wala hakukukataa wewe. Amekataa kukaribishwa mahali ambapo yeye ndiye aliyekuwa akikaribisha.

Na mrehani. Najua ulitaka nafasi. Ungejua ungeuacha, na usiku wa leo usiutumie kujipiga. Ila kwa macho ya mama, aliyechungulia kutoka kwenye kiti kilichotaka kumwangusha, kitu cha kwanza kilichofanywa kwa ajili yake ni kung'olewa kwa alichokipanda. Jambo hilo linaweza kuhitaji kusemwa kwa mdomo, "Mama, niliung'oa bila kukuuliza," bila maelezo marefu baada yake.

Umeuliza kama ni makosa kumlazimisha mtu kwa faida yake. Nakurudishia swali: faida ipi? Jua na hewa ni faida, mazoezi ni faida, na anayekaa chumbani mchana kutwa hudhoofika, hilo ni kweli. Lakini anaweza kuletewa jua kwa kufunguliwa dirisha na mlango wa nyuma, bila hadhara. Tenganisha kutoka nje na kutoka mbele za watu. Huenda moja yuko tayari nalo na lingine bado.

Hapa pia sitaki tuzungumze heshima na sinia tu tukasahau mwili. Baada ya kiharusi, takriban mtu mmoja kati ya watatu huingiwa na huzuni nzito ambayo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kujifungia chumbani ghafla kunaweza kuwa ni hiyo. Hali ikiwa ni pamoja na kutokula, kutolala, au kutotaka kuzungumza hata na mjukuu, basi siku yake ya kliniki ya presha ikifika mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Inatibika. Nakuomba tu usiibebe kama ukaidi. Na ile haya unayoiona kwa kuwaza ukaidi, iache nayo. Anayemuuguza mzazi mwaka mzima bila kupumzika huwaza mabaya zaidi ya hayo, na kesho yake bado anaamka kumpikia uji.

Haraka iliyokubana, sehemu kubwa yake ni ya nchi nyingine. Kule kwa dada yako Machi ni mwanzo wa majira ya machipuko: baridi imelegea, udongo unaanza kupata joto, na asiyetayarisha sasa atakuta msimu umempita. Kwetu Machi ni kaskazi inayokufa. Ndio wakati wa joto kali kuliko wote, mchanga wa Malindi unachoma unyayo, na mche utakaouweka leo utakuwa umekauka Ijumaa. Cha kutangulia mvua ni saruji peke yake, na hata hiyo fundi anayetaka kazi huifanya kati ya mvua na mvua akaifunika kwa turubai. Vipando vya asumini vitangoja manyunyu ya kwanza, na havitadhurika kwa kungoja. Kusi nayo ikishika huleta chumvi ya bahari, kwa hiyo chochote kichanga kikae nyuma ya ukuta au ua upande wa kusini. Ramani ya dada imechorwa na mtu ambaye hajawahi kuona kusi ikiunguza majani, wala mchwa wetu.

Ndiyo, mchwa. Vile vitanda vya mbao, chunguza ni mbao gani. Ikiwa ni mbao laini za kawaida, msimu mmoja wa mvua na mchwa watakuwa wameshaonja. Boriti huvumilia zaidi, na mawe ya matumbawe huvumilia kuliko vyote. Wazo lenyewe la kuinua udongo si baya, tena hata kidogo. Kwa mtu aliye kwenye kiti, kitanda cha kimo cha sentimita 60 hadi 70 humwezesha kufikia bila kuinama, upana usizidi sentimita 60 ikiwa anafikia kutoka upande mmoja. Ila cha mama kiwe upande wake wa kushoto anapokaa, maana mkono ulio hai ndio huo, na nashuku mchoraji wa ramani hakuambiwa. Udongo ulioinuliwa hukauka mbio, kwa hiyo chini tandika makumbi ya nazi, yanashika maji vizuri, na juu samadi iliyooza. Na uonje maji ya kisima chenu kabla ya kumwagilia. Yakiwa na chumvi, mnazi utakusamehe lakini asumini haitakusamehe.

Sasa njia zilizo mbele yako, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Unaweza kumaliza kama ilivyochorwa, mteremko ukirekebishwa, na kutumaini mama ataizoea. Wako wanaozoea. Hatari ni kwamba atazoea kwa kunyamaza, nawe hutaijua tofauti.

Unaweza kusimamisha kila kitu mpaka mama aseme mwenyewe anataka nini. Hiyo ina adabu. Lakini mtu aliyezama huzunini akiulizwa "unataka nini" hujibu "sitaki kitu," na wewe utakuwa umekaa na njia iliyoishia katikati ya uwanja mpaka masika yaijaze matope.

Iko njia ndogo ya katikati, ambayo mimi mwenyewe naipenda, na kwa kuwa naipenda uitilie shaka. Rekebisha mteremko, kwa sababu huo utahitajika hata kwenda kliniki, bustani au hakuna bustani. Hayo mengine yaache wazi, kisha umuulize mama maswali yenye jibu fupi ambayo yeye tu ndiye anayejua jibu lake. Mlangilangi ule ulipandwa mwezi gani? Waridi hukatwa wapi, juu ya jicho au chini yake? Njia ipite kushoto kwa mwembe au kulia? Usimuulize ili kumchangamsha, atagundua. Muulize kwa sababu hujui. Hatari yake ni kwamba huenda akataka kitu ambacho hukukipanga, mathalani kwamba vitanda viondolewe, au kwamba asumini wapewe majirani wakapande kwao. Ukimuuliza mtu uwe tayari kwa jibu.

Kuhusu mkeka: ikiwa ipo siku wenzake watarudi, tafakari kuwainua wao badala ya kumteremsha yeye. Benchi la mawe chini ya mwembe, la kimo cha sentimita 45 au 50, usawa wa kiti chake, na kila mtu atamtazama machoni. Liache nafasi na shina, na msikate mizizi kuupitisha msingi, maana mwembe uliokatwa mizizi ya upande mmoja ndio unaolala kusi ikivuma. Lisiwe pia pale ngowe hudondokea. Kuna namna nyingi za kumkaribisha mgeni, hiyo si mojawapo.

Na mkono. Hili naliweka chini taratibu, uliokote au uliache. Sindano ikichomekwa wima kwenye kipande cha kumbi kilichofungwa imara kwenye sinia, kikonyo cha asumini huweza kusukumwa juu yake kwa mkono mmoja, wa kushoto, polepole. Hakitatoka kikuba kama vile vyake vya zamani. Huenda akapenda, na huenda ukampa ukaona machozi. Usimpelekee wewe kwanza, ukionekana kama muuguzi mwenye dawa nyingine. Jirani aliyechukua sinia yuko hapo hapo ukutani. Alipewa kutunza au alipewa kuondoa? Yeye anaweza kukuambia mama alisema nini siku ile, na hilo ni jambo ambalo wewe, kaka, na dada hamlijui.

Kaka yako usimfanye adui. Ameona kitu ambacho wewe hukuandika, kwamba mtu wa kukusaidia hayupo na pesa za kumlipa hazipo. Hilo ni sahihi. Katika vyumba ndimo asiponishawishi. Uwanja aliouacha marehemu si wa kukatiwa mwembe kwa simu kutoka Mombasa. Haki ya mama na ya kila mmoja wenu imo humo, na kama hamjagawa mirathi, kadhi yupo. Tena mwembe ukishakatwa umekatwa, hata mkija kubadili nia, ilhali vyumba vinaweza kusubiri mwaka. Kuhusu maneno yake kwamba unang'ang'ania utoto wako, nadhani yamekuuma kwa sababu yana ukweli kidogo. Si kosa. Ila ujue sehemu ipi ya bustani hii unamjengea mama na ipi unajijengea wewe, na ile yako uijenge bila kumdai yeye aifurahie.

Dada je? Ukimwambia sasa, anaweza kuumia, akahisi pesa na mapenzi yake vimetupwa, na mkawa na wiki mbaya kwenye simu. Usipomwambia, atashuka uwanjani pale Malindi na watoto na masanduku, akute wageni wameshaalikwa na mlango wa mama umefungwa, na ataujua mbele ya watu. Labda yuko mtu wa kumwambia zaidi yako. Mama amepata maneno yake, ingawa polepole, na simu ya kuonana sura ipo. Sijui kama atakubali, ila sentensi ile aliyokuambia wewe, dada akiisikia kwa sauti yake, huenda ile sherehe ikajifuta yenyewe bila ugomvi.

Msaada wa vitendo upo pia. Mama akisajiliwa na baraza la taifa la watu wenye ulemavu atapata kadi, na kwa kadi hiyo mnaweza kuulizia vifaa. APDK, chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambacho kipo tangu 1958, kina kazi ya muda mrefu ya viti vya magurudumu, na Mombasa si mbali kwenda kuuliza kama kiti alicho nacho ni kimo chake, maana kiti kisichomfaa mtu humchosha kabla hajafika mlangoni.

Swali moja limenibakia. Umeniandikia kwamba mwanao alichomeka shina la mrehani kwenye kopo, liko dirishani kwa bibi yake, na limeshika. Kopo la rangi, mwezi wa tatu, dirisha la Malindi. Mche usiomwagiliwa maji asubuhi na jioni kwenye kopo kama hilo haufiki siku ya tatu. Wewe huingia usiku, na mtoto wa miaka sita namjua. Kaulizie, kwa upole na bila kumkamata mtu, ni nani anayelinywesha.